Senti Kumi Zilizozaa Mamilioni: Historia ya Vitabu vya Katuni na Watu Wanaovikusanya

Mhariri aliponiandikia kuomba makala ya historia kwa ajili ya jarida la mkutano wetu wa mwaka huu, bila shaka alitegemea nitaleta habari za vita vya Maji Maji, au za reli na mkonge, mambo ambayo walimu wetu walitufundisha kwa juhudi kubwa. Mimi nimechagua vitabu vya katuni. Najua wapo kaka zetu wa miaka ya mwanzo watakaokunja uso, maana katika mabweni yetu kitabu cha katuni kilikuwa mali ya magendo: kilisomwa kwa tochi chini ya blanketi, kikapita kitanda hata kitanda, na kikiangukia mikononi mwa mwalimu wa zamu ndio ulikuwa mwisho wake. Naomba mnivumilie. Habari yenyewe ni ya Marekani, lakini ndani yake limo jambo linaloihusu hata maktaba ya shule hii, nami nitalifikia kwa wakati wake.

Tuanze na kitabu kimoja. Mwezi Aprili 1938, kwenye vibanda vya magazeti vya Marekani, lilitokea toleo la kwanza la Action Comics, lililoandikwa tarehe ya Juni. Jaladani palichorwa mtu mwenye nguo ya buluu na joho jekundu mgongoni, ameinua motokaa ya kijani juu ya kichwa chake kama mtu ainuavyo gunia la mihogo. Huyo ndiye Superman, na hiyo ndiyo mara yake ya kwanza kuonekana. Bei ilikuwa senti 10. Inakadiriwa kwamba nakala 200,000 zilichapwa, na wanaofuatilia mambo haya hukisia kwamba zilizobaki duniani ni kama 100 tu. Aprili 2024 nakala moja katika hizo iliuzwa mnadani kwa dola milioni 6, yaani zaidi ya shilingi bilioni 15 za Tanzania. Kwa fedha hizo bwalo letu, maabara na mabweni yote yangejengwa upya, na chenji ingebaki.

Mtu mwepesi wa kujibu atasema: kitu cha kale na adimu hupanda bei, basi. La hasha. Mwaka huo huo wa 1938 zilichapwa Marekani ratiba za garimoshi, vitabu vya simu na hotuba za wanasiasa, na zipo kati ya hizo ambazo leo ni adimu kuliko Superman. Hakuna anayezigombea mnadani. Ili karatasi ya senti 10 ifikie mamilioni, ilibidi kwanza karibu watu wote waidharau. Kisha wachache waikumbuke kwa mapenzi. Na mwisho wapatikane watu wanaoweza kukubaliana, bila kugombana, kwamba nakala hii ni nzima kuliko ile na kwa kiasi gani. Hayo yalichukua miaka 60 na zaidi.

Vitabu hivi vilizaliwa na magazeti. Magazeti ya Marekani ya Jumapili yalikuwa na kurasa za katuni za rangi, na mwaka 1933 kampuni ya uchapaji iitwayo Eastern Color, ya jimbo la Connecticut, ilizikunja katuni za namna hiyo zikawa kijitabu cha kutolewa bure kama tangazo la biashara. Mwaka 1934 kijitabu kingine cha aina hiyo, Famous Funnies, kikaanza kuuzwa kwa senti 10. Karatasi ilikuwa ile ile ya gazeti, rahisi kabisa, iliyokusudiwa kusomwa leo na kutupwa kesho. Hakuna aliyefikiri juu ya keshokutwa.

Waliomtunga Superman walikuwa vijana wawili wa mji wa Cleveland katika jimbo la Ohio, Jerry Siegel mwandishi na Joe Shuster mchoraji, wote waliozaliwa 1914. Walizungushwa na wachapishaji kwa miaka kadhaa kabla kazi yao haijapokewa. Kwa hadithi ile ya kwanza, yenye kurasa 13, walilipwa dola 130, na pamoja na hadithi walitia sahihi kumtoa Superman mwenyewe moja kwa moja. Walikwenda mahakamani zaidi ya mara moja bila kumrudisha mikononi mwao. Ilikuwa Desemba 1975, baada ya shida zao kutangazwa magazetini, ndipo kampuni ilipokubali kumlipa kila mmoja dola 20,000 kwa mwaka na kuweka majina yao tena kwenye kazi yao. Mwaka 2012 hundi ya 1938 iliyokuwa na zile dola 130 ndani yake iliuzwa mnadani kwa dola 160,000. Karatasi ya malipo imepata bei zaidi ya mara elfu moja ya malipo yenyewe. Nimeliweka jambo hili mapema makusudi, ili msomaji anapoendelea kuzisoma bei nitakazozitaja akumbuke kwamba hakuna hata senti moja ya minada hiyo iliyofika kwa waliotunga na kuchora.

Basi zile nakala 200,000 zilikwenda wapi? Nyingi ziliharibiwa na watoto wenyewe, nao walikuwa na haki hiyo, kwa kuwa ni zao. Mtoto alikikunja kitabu mara mbili akakitia mfuko wa nyuma wa suruali, akakikalia, akabadilishana na mwenzake kwa gololi. Nyingine zilitupwa na akina mama siku ya usafi. Mpaka leo wazee wa Marekani husimulia kisa kile kile, kwamba alikwenda jeshini au chuoni, na aliporudi akakuta mama amesafisha chumba. Kisha ikaja vita. Baada ya Marekani kuingia vitani Desemba 1941, serikali ilihimiza watu wakusanye karatasi kuukuu kwa ajili ya viwanda, na watoto wakawa mstari wa mbele. Wakapita nyumba kwa nyumba na vigari vyao, na vitabu vyao vya katuni vikaenda pamoja na magazeti ya baba. Uzalendo ule uliteketeza katuni nyingi kuliko mchwa.

Lililofuata ni la ajabu zaidi, na linatugusa sisi tuliopitia mikononi mwa walimu. Vita ilipokwisha wakubwa wakaanza kuogopa kwamba katuni zinawapotosha vijana, hasa zile za majambazi na mauaji. Mwaka 1948, katika mji wa Spencer huko West Virginia, na tena Binghamton katika jimbo la New York, watoto wa shule walikusanywa uwanjani wakatupa vitabu vyao kwenye moto, walimu wakiwa wamesimama pembeni. Hiyo ilikuwa miaka mitatu tu tangu kumalizika kwa vita dhidi ya watu waliojulikana dunia nzima kwa kuchoma vitabu. Mwaka 1954 daktari wa magonjwa ya akili, Fredric Wertham, alitoa kitabu chake Seduction of the Innocent, akidai kwamba katuni ni chanzo cha uhalifu wa watoto. Kamati ya Baraza la Seneti ikafanya kikao cha kuhoji, na wachapishaji kwa woga wakajiundia kanuni za kujikagua wenyewe mwaka huo huo. Kampuni kadhaa zilikufa. Zaidi ya miaka 50 baadaye mtafiti mmoja wa chuo kikuu cha Illinois, Carol Tilley, aliyafungua majalada ya Wertham yaliyohifadhiwa maktabani, akaonyesha kwamba daktari alikuwa amebadilisha maneno ya watoto aliowahoji na kuunganisha visa vya watu tofauti ili hoja yake isimame. Lakini moto ulikwisha kuwaka siku nyingi.

Hivyo ndivyo uadimu ulivyopatikana: hakuna aliyepanga. Mama, mwalimu, serikali, daktari na mtoto mwenyewe, kila mmoja alifanya sehemu yake.

Waliovikumbuka kwa mapenzi walikuwa ni wale wale watoto, wakiwa sasa watu wazima wenye mishahara. Mmoja wao, Jerry Bails, mwalimu wa chuo kikuu huko Detroit, alianzisha mwaka 1961 kijarida cha kurudufu kwa mkono kilichoitwa Alter Ego, kwa ajili ya wapenzi wa katuni za zamani. Walijuana kwa barua, wakatumiana orodha: mimi ninacho hiki, natafuta kile. Mwaka 1964 walikutana New York kwa mara ya kwanza, watu wasiofika mia. Mwaka 1970 mkutano kama huo ukaanzishwa San Diego, ukahudhuriwa na watu kama 300. Siku hizi mkutano huo wa San Diego hujaza watu zaidi ya 130,000, ingawa wengi wao huenda kutazama habari za sinema kuliko kununua karatasi.

Novemba mwaka huo huo wa 1970 ndipo lilipotokea jambo lililogeuza mchezo kuwa biashara. Mtu mmoja wa Tennessee, Robert Overstreet, mkusanyaji aliyezoea pia vitabu vya bei za sarafu za kale, aliona kwamba wenzake wa katuni hawana kitu kama hicho. Akakaa na orodha za wauzaji, akalinganisha, akachapa kitabu cha bei. Kila toleo liliwekewa bei tatu, kwa hali tatu za uzima. Action Comics namba 1 katika hali ya juu kabisa aliipa dola 300, na wapo walioona hizo ni nyingi mno. Kitabu hicho kimeendelea kutoka mpaka leo. Mimi naona kazi ya Overstreet ilikuwa kubwa kuliko ya muuzaji yeyote, maana bei ikishachapwa huwa kama sheria: aliyekuwa akiuza kwa kukisia sasa anafungua ukurasa. Na mama aliyekuwa akitupa, akisikia jirani ameuza sanduku la takataka kwa mamia ya dola, mkono wake unasita.

Ilibaki kufahamu kitabu kizima kinafananaje, kwa kuwa hakuna aliyekuwa amekiona. Jibu lilipatikana mwaka 1977 huko Colorado. Mzee aitwaye Edgar Church, mchoraji wa matangazo ya biashara, alikuwa amenunua katuni kwa miaka mingi ili zimsaidie katika kazi yake, akazirundika ndani ya nyumba. Alipozeeka na nyumba kutaka kuuzwa, jamaa zake wakazitoa kwa muuzaji kijana, Chuck Rozanski. Zilikuwa kati ya vitabu 18,000 na 22,000. Colorado ni nchi ya juu, kavu na yenye baridi; vitabu vilikuwa vimebanana kwa marundo marefu, hewa na mwanga havikupita, na mzee hakuwa mtu wa kukunja kurasa. Vilipofunguliwa, rangi zilikuwa kama za asubuhi ya kwanza. Mpaka leo nakala ikithibitishwa kutoka kwenye rundo la Church hulipiwa zaidi kuliko mwenzake wa daraja lile lile, kwa sababu ya jina tu. Hata karatasi ina ukoo.

Sasa tufike kwenye kupanga madaraja, maana hapa ndipo penye elimu ya jambo hili. Mkaguzi huanza na jalada. Huangalia kama rangi zina mng'aro au zimefifia kwa jua. Pembe kama ni kali au zimeviringika. Mgongo kama una mistari midogo myeupe, ambayo kila mmoja ni alama ya siku ambayo mtu alikifungua kitabu akakikunja kwa nyuma. Huzitazama pini mbili za katikati kama zimeota kutu. Kisha huhesabu kurasa moja moja, maana matoleo mengi yalikuwa na kuponi ya kukata na kutuma kwa posta, na mtoto wa 1940 hakuona sababu ya kutoikata. Mwisho huutazama weupe wa karatasi yenyewe.

Vijana wa mchepuo wa sayansi watalielewa hili la mwisho. Karatasi ya gazeti hutengenezwa kwa kusaga mti mzima, pamoja na ile dutu iitwayo ligini inayoshikamanisha nyuzi za mti. Ligini ikipata mwanga, hewa na joto huchakaa, na karatasi hugeuka kuwa ya njano, kisha ya kahawia. Papo hapo asidi iliyomo hukata nyuzi kidogo kidogo, mpaka ukurasa unaukunja nao unakatika kama biskuti. Joto huharakisha kazi hiyo, na unyevu huongeza ukungu juu yake. Mimi ni mtumishi wa serikali ambaye kazi yangu imenipitisha masjala nyingi, na naweza kushuhudia kwamba faili la zamani halina tofauti: pini ya kutu hula karatasi kuizunguka mpaka barua inabaki na tundu mahali pa kumbukumbu namba. Ndiyo maana wakusanyaji wa kweli huweka kila kitabu katika mfuko wa plastiki safi isiyotoa kemikali, na nyuma yake ubao mwembamba usio na asidi, kisha huvisimamisha wima ndani ya sanduku, gizani, mahali pakavu.

Madaraja yenyewe yana majina, na msomaji ajihadhari nayo. La juu huitwa "mint", neno linalotumika kwa sarafu mpya itokayo kiwandani, na la chini kabisa ni "poor". Lakini kitabu kiitwacho "good", ambacho sisi tungekiita kizuri, si kizuri hata kidogo: kimechakaa, kimekunjika, pengine kimeandikwa kalamu, ila kinasomeka chote. Ni kama lile neno "anajitahidi" kwenye ripoti zetu za muhula, ambalo kila mzazi alijua maana yake.

Hapo ndipo ugomvi ulipoanzia. Muuzaji aliyatazama macho ya kitabu akaona daraja la juu. Mnunuzi alipopokea kifurushi akaona la kati. Biashara ya barua haikuwa na mwamuzi. Ilipofika Januari 2000 ikaanza kazi kampuni iitwayo CGC, isiyonunua wala kuuza, bali hulipwa ada ili kukagua. Wakaguzi zaidi ya mmoja hukitazama kitabu, hukipa alama kutoka 0.5 hadi 10, kisha hukifungia ndani ya kasha gumu la plastiki lenye lebo juu. Kitabu kilichotengenezwa kwa siri, yaani kilichopakwa rangi mahali palipobanduka au kuzibwa machozi kwa gundi, hupewa lebo ya zambarau, na bei yake huanguka vibaya. Wakusanyaji wa zamani waliofikiri wanavisaidia vitabu vyao kwa utepe wa gundi walikuwa wanavipunguzia thamani kwa mikono yao wenyewe.

Namna alama hizi zinavyotawala fedha ilionekana wazi mwaka 2013 huko Minnesota. Mjenzi mmoja alinunua nyumba chakavu kwa dola 10,100, akawa anabomoa ukuta. Katikati ya karatasi kuukuu zilizosindiliwa ukutani kuzuia baridi akaona Action Comics namba 1. Ndugu wa mkewe walipokuja kutazama ukatokea mvutano, mmoja akakinyakua, na jalada la nyuma likachanika. Wauzaji walisema mchaniko ule mmoja ulikishusha kitabu kutoka daraja la 3.0 hadi 1.5. Kiliuzwa kwa dola 175,000. Mchaniko ulikadiriwa kuwa umemgharimu kama dola 75,000. Mwaka uliofuata nakala nyingine ya toleo lile lile, yenye 9.0, iliuzwa kwa dola milioni 3.2. Hadithi ni ile ile, mchoro ni ule ule, na aliyelipa dola 175,000 anaweza hata kuisoma vizuri, kwani maneno yote yapo.

Nina neno moja juu ya hilo. Ukiyachunguza madaraja haya kwa makini utaona yanapima jambo moja tu: kitabu kimesomwa kidogo kiasi gani. Kila alama ya msomaji ni kosa. Mkunjo ni kosa, kuponi iliyokatwa ni kosa, jina la mtoto juu ya jalada ni kosa. Nakala iliyo kamili kabisa ni ile ambayo hakuna mtoto aliyewahi kuifurahia, na ikishapata alama zake hufungwa katika kasha lisilofunguliwa. Kwa dalali ni sawa. Kwa mwanahistoria ni hasara, na nitarudi hapo.

Tamaa nayo ilikuja na adhabu yake. Mwanzoni mwa miaka ya 1990 Wamarekani wengi wasiowahi kusoma katuni walisikia habari za bei, wakaamua kununua matoleo mapya na kuyaweka, wakitegemea kuyauza kwa ada za shule za watoto wao. Wachapishaji wakafurahi. Mwaka 1991 toleo jipya la X-Men namba 1 lilitolewa na majalada matano tofauti ili mtu anunue yote, na nakala zaidi ya milioni 8 zikaenda madukani. Novemba 1992 walimuua Superman katika toleo namba 75, likauzwa ndani ya mfuko mweusi, na watu wakanunua mawili mawili: moja la kusoma, jingine lisifunguliwe kamwe. Wahenga walisema kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza. Hakuna aliyekumbuka kwamba Superman wa 1938 alikuwa ghali kwa sababu kila mtu alimtupa. Huyu wa 1992 kila mtu alimtunza. Soko likaporomoka, maduka kwa maelfu yakafungwa, na Desemba 1996 kampuni ya Marvel yenyewe ikaomba ulinzi wa mahakama kwa kufilisika. Leo X-Men ile ya 1991 ingali nzima, safi, ndani ya mfuko wake, na bei yake ni ya chakula cha mchana.

Ninalolipenda zaidi ni la juzi juzi. Huko California mama mmoja aliwaambia wanawe kwamba anazo katuni za zamani, wasitilie maanani. Alipofariki, wanawe watatu wakapanda darini wakakuta sanduku chini ya magazeti makuukuu na utando wa buibui. Ndani yake palikuwa na Superman namba 1, la mwaka 1939, ambalo lilipokaguliwa lilipata 9.0. Novemba 2025 liliuzwa kwa dola milioni 9.12. Huyu hakuwa na mfuko wala ubao. Alikuwa na dari lenye ubaridi, na alikataa kutupa.

Sasa turudi nyumbani. Sisi nasi tulikuwa na zetu. Huko Kenya Edward Gitau alimchora Juha Kalulu kwa miaka mingi katika magazeti ya Taifa. Hapa kwetu Christian Gregory alitupa Chakubanga katika gazeti la Uhuru. Wazee wetu wa miaka ya 1960 mwishoni na 1970 mwanzoni watamkumbuka Lance Spearman, mpelelezi mwenye kofia, katika jarida la African Film la kampuni ya Drum, ambalo hadithi zake zilikuwa za picha za kupigwa na si za kuchora. Na Faraji Katalambulla, mwandishi wa Simu ya Kifo, naye alitoa Film Tanzania kwa mtindo huo. Nairobi kulikuwa na Joe, la Hilary Ng'weno na Terry Hirst, kuanzia 1973. Kisha likaja Sani, na sisi wa mabweni ya miaka ya 1990 bado tulikuwa tunagombania Lodi Lofa, Ndumilakuwili na Madenge kama watu wanaogombania mkate.

Yako wapi magazeti hayo? Yalikwenda kule kule zilikokwenda nakala 200,000 za Marekani. Yalifunga karanga na maandazi, yalibandikwa kwenye kuta za udongo, mengine yaliishia chooni, na yaliyobaki yalipatana na mchwa na hewa ya pwani. Hatua ya kwanza ya historia hii, ile ya kudharau na kuharibu, sisi tumeimaliza vizuri sana. Ya pili ndiyo hatujaianza: hatuna Bails wetu wa kuandika orodha, toleo gani lilitoka lini na nani alilichora. Sehemu ya East Africana katika maktaba ya Chuo Kuu cha Dar es Salaam hutunza machapisho mengi ya nchi hizi, lakini maktaba haiwezi kutunza ambacho hakikuletwa. Wala sitaki kumdanganya kijana yeyote kwamba akitunza Sani atajenga ghorofa. Hakuna mnada, hakuna kitabu cha bei, na pengine havitakuwapo. Nayataka kwa sababu ndani ya yale magazeti imo lugha ya mitaani ya miaka ile, imo foleni ya sukari, zimo suruali za bugaluu, wamo wakubwa wa ofisi wakitaniwa kwa namna ambayo hakuna faili la masjala litakalokuambia.

Na limo jarida hili lenyewe. Mwaka jana nilipita maktabani kwa ruhusa ya mkuu wa shule, nikaomba kuona matoleo yetu ya nyuma. Nilionyeshwa rafu ya chini kabisa, karibu na mlango, mahali ambapo maji ya mvua huingia. Matoleo ya miaka ya mwanzo hayapo hata moja. Ya miaka ya 1980 yapo manne, mawili kati ya hayo yameshikana kama tofali. La mwaka wetu wa kidato cha nne halina jalada. Mkutubi ni kijana mwenye moyo, ameniahidi kabati la chuma upande wa mashariki wa chumba, mbali na dirisha, iwapo yatapatikana ya kutia ndani.

Nawaomba basi kaka zangu, kabla hamjaja mkutanoni, fungueni masanduku. Leteni toleo lolote la jarida hili, na katuni zozote za Kiswahili mlizonazo, hata zikiwa vipande. Msizibe palipochanika kwa utepe, msizitie kwenye plastiki ya kubanwa kwa moto, na kama mna la kuandika, andikeni kwa penseli kwenye karatasi ya pembeni. Mtoeni pini zenye kutu taratibu, au mziache nitoe mimi, ni kazi niliyoizoea. Na yale majina mliyoyaandika jaladani, "Mali ya Bweni la Tatu, usiibe", pamoja na namba za vitanda vya wale waliokuwa kwenye foleni ya kusoma, msiyafute. CGC wangewapunguzia alama kwa ajili ya hayo. Mimi kabati lile nitalipanga kwa kuanza na hizo.